Wimbo Usiotarajiwa na Msikilizaji Asiyealikwa: Suala la Hadhira katika Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika Mulika, M. M. Mulokozi (1989) alitoa hoja ambayo tangu wakati huo imekuwa msingi wa mafunzo ya somo hili vyuoni: kwamba fasihi simulizi hutokea pale mambo sita yanapokutana, yaani fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Ubora wa hoja hiyo ni kwamba iliiondoa fasihi simulizi kwenye karatasi na kuirudisha uwanjani. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza wimbo unasema nini alilazimika kuuliza pia nani anauimba, mbele ya nani na katika shughuli gani.

Hata hivyo, mifano tunayoitumia kuifafanua hoja hiyo karibu yote ni ya mikusanyiko iliyoandaliwa. Watu wamealikwa arusini, wamekwenda ngomani, wamemzunguka bibi anayetamba hadithi, au wamenunua tiketi ya taarabu. Hadhira ipo kabla fanani hajafungua kinywa. Makala hii inashughulikia hali nyingine: mtu anaanza kuimba njiani, sokoni, bombani au ndani ya basi, mbele ya watu ambao hawakuja kumsikiliza na ambao wengi wao hawamjui. Je, watu hao ni hadhira? Kama ndivyo, walianza kuwa hadhira lini?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msikilizaji asiyealikwa huwa hadhira pale tu wimbo unapomwachia nafasi ya kufanya jambo. Nafasi hiyo, kuliko uzuri wa sauti au ukali wa maneno, ndiyo inayoamua kama ataitikia, atacheka, atanyamaza au ataondoka.

Ni vema kutenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Uimbaji usiotarajiwa si sawa na utungaji wa papo kwa papo. Malenga anayejibizana na mwenzake ngomani huenda akatunga hapo hapo, lakini kuimba kwake kulitarajiwa na kila aliyehudhuria. Mwanamke anayeanza kuimba ghafla katika foleni ya maji huenda akaimba wimbo wa miaka thelathini iliyopita bila kubadilisha hata silabi moja. Wataalamu wamemwandikia sana huyo wa kwanza. Makala hii inamhusu wa pili.

2.0 Adabu ya kuitikia

Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu mwenendo wa watu mahali pa hadhara, mwanasosholojia Erving Goffman alieleza jinsi watu wasiojuana katika miji ya Magharibi wanavyotupiana jicho mara moja na kisha kuliondoa, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kupita bila kuchunguzwa. Anayepaza sauti na kuimba mbele ya watu wa namna hiyo huvunja mapatano. Huwalazimisha ama wamtazame ama wajitie hamnazo.

Maelezo hayo hayawezi kuhamishiwa Lamu au Ng'ambo ya Unguja kama yalivyo. Katika mji wa Waswahili mpita njia hapuuzwi, husalimiwa. Anayekatiza mbele ya baraza bila kutoa salamu ndiye anayeonekana hana adabu, na salamu isiyoitikiwa huweza kuzaa ugomvi. Anayefika mlangoni hupiga hodi, na hodi haijakamilika mpaka ipate karibu. Sauti inayotolewa hadharani, kwa hiyo, hutarajiwa kuwa na mwenziwe. Kitenzi chenyewe kinatufundisha: tunaitikia salamu, tunaitikia mwito, tunaitikia dua, na tunaitikia wimbo. Kiitikio, ambacho vitabu vyetu hukifafanua kama mstari unaorudiwarudiwa, kwa asili yake ni kitendo cha mtu wa pili. Urudiaji ni matokeo tu.

Ndiyo maana mtu anayeimba peke yake njiani kwa sauti kubwa, bila shughuli yoyote inayoonekana, huwatia taabuni wanaomsikia. Hapana pa kuitikia. Basi hutafuta sababu: amelewa, amechanganyikiwa, ana mawazo, ameokoka. Kila mojawapo ya sababu hizo huuondoa wimbo katika fani na kuuweka katika hali ya mwimbaji, kama kikohozi. Mwanamke anayetwanga haulizwi kwa nini anaimba, kwa kuwa mchi unajibu kwa niaba yake. Mvuvi anayevuta juya haulizwi, wala mama anayembembeleza mtoto ndani ya basi.

Katika miaka ya karibuni kumezuka mfano wa kuchekesha kidogo. Kijana mwenye nyaya za simu masikioni huimba kwa sauti ndani ya daladala, sauti ikienda kombo kwa sababu hajisikii. Abiria hutazamana, hutabasamu, humwacha. Waya umechukua kazi ya mchi: unaonyesha kwamba wimbo una mahali ulikotoka. Akiuchomoa na kuendelea kuimba, walio karibu naye wataanza kusogea.

3.0 Muuza vyungu wa Fumba

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 alitembeza vyungu vya udongo, na masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba aliimba alipokuwa akivitembeza, hata watu wakaitambua sauti yake kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Historia za taarabu huipitia habari hii haraka, kama dibaji ya kupendeza kabla ya kufika Bombay, alikokwenda kurekodi mwaka 1928. Kwa maoni yangu ni habari inayostahili kukaliwa kitako.

Katika Unguja ya wakati ule mwanamke wa kiungwana hakutarajiwa kupaza sauti njiani. Siti hakuhesabiwa miongoni mwa waungwana, lakini hilo halimaanishi kwamba kila mwanamke asiye mwungwana aliweza kutembea akiimba bila kutiliwa shaka. Kilichompa ruhusa ni chungu kichwani. Wimbo wa mchuuzi humwachia msikilizaji asiyejulikana nafasi iliyo wazi kabisa: anunue, aulize bei, au apite. Hata anayepita bila kununua amejibu, kwa sababu kutonunua ni mojawapo ya majibu ambayo soko linayatambua. Hakuna anayebabaika na hakuna anayelazimika kumwita mwimbaji mwendawazimu.

Pamoja na hayo, wimbo wa mchuuzi una ziada. Bei inayolipwa ni ya chungu. Sauti huchukuliwa bure, na huendelea kusikika baada ya mnunuzi kufunga mlango. Msikilizaji anaweza kujikuta ametoka nje ilhali ana vyungu vya kutosha. Tukilitazama jambo hili kwa namna hiyo, Siti alipofika mjini na kuanza kulipwa kwa kuimba, hakuanza kupata hadhira. Alichofanya ni kuiondoa bidhaa iliyokuwa imesimama kati yake na hadhira aliyokwisha kuwa nayo.

Hapa panafaa kutajwa kipaza sauti cha mchuuzi wa leo, ambacho hurudia bei ileile iliyorekodiwa tangu asubuhi hadi jioni katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Maneno yake huweza kuwa na mizani na hata ucheshi, lakini sauti hiyo haina sikio. Haiwezi kuharakisha mteja anapokaribia wala kumtania anayesitasita. Sijaona mtu akiijibu, isipokuwa watoto, ambao huiiga.

4.0 Jiwe gizani

Tofauti na wimbo wa mchuuzi, unaomwita kila mtu, kuna wimbo unaoimbwa mbele ya wote ukiwa umemkusudia mmoja. Saida Yahya-Othman (1997) amechunguza jinsi majina ya kanga yanavyowapa wanawake njia ya kusema yasiyosemeka, na Kelly Askew (2002) ameonyesha kwamba katika maonyesho ya taarabu kutunza ni kusema: mwanamke anayeinuka katikati ya ubeti na kumpelekea mwimbaji noti huufanya ubeti ule kuwa wake, na njia anayoipita ukumbini huweza kumwonyesha anayelengwa. Taarabu ya mipasho ilipopamba moto Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa katika ushindani wa Muungano na Tanzania One Theatre (TOT), akiba ya mistari ya kutumiwa namna hiyo iliongezeka sana. Redio na kanda ziliitoa ukumbini na kuifikisha uani.

Bombani mwanamke hana noti wala jukwaa. Ana ndoo na foleni. Hasimu wake anapotokea, yeye huanza kuimba taratibu ubeti ambao kila mtu anaujua, huku akisuuza ndoo na kutazama maji. Akiulizwa, anaimba tu wimbo wa redio. Fanani halisi yuko mbali, na mtunzi yuko mbali zaidi. Aliyepo ni mtu anayesuuza ndoo. Waswahili husema jiwe hutupwa gizani, na atakayelia ndiye limempata. Hasimu akijibu, amekiri. Akinyamaza, ameumia kimya. Nafasi aliyoachiwa na wimbo ni ya kutofanya lolote, nayo ni nafasi ngumu kuliko zote.

Wale wengine katika foleni wana kazi gani? Uchambuzi wa vijembe umezoea kuwaona watu wawili, mrushaji na mrushiwa. Kwa hakika bila mtu wa tatu hakuna kijembe. Hasimu wawili wakiwa peke yao bombani, wimbo ule hugeuka kuwa matusi ya wazi au huwa haufai kitu. Wanaosikia, hata kama hawajui kisa, ndio wanaoufanya uwe na uzito, kwa sababu ni mashahidi. Msikilizaji mgeni huenda asijue nani anasemwa na kwa kosa gani, lakini hujua mara moja kwamba kuna anayesemwa. Umbo la tendo humwambia. Hujibu kwa mguno, kwa kicheko cha puani, au kwa kuanza kuzungumza kwa bidii na jirani yake kuhusu bei ya mkaa. Kigelegele kimoja kingekuwa kuchagua upande. Katika mitaa niliyowahi kukaa, aliyepatikana na balaa zaidi alikuwa mgeni wa mtaa aliyeujua wimbo kutoka redioni, akaudaka kwa furaha na kuimba pamoja na mwenye ndoo. Kwa dakika mbili alikuwa hadhira bora. Kwa miezi iliyofuata alikuwa adui wa nyumba asiyoijua.

Mambo haya si mchezo. Vijembe vimevunja ndoa, vimehamisha wapangaji, na mara nyingine ndoo imetupwa na maji yake. Tukiuita uimbaji huu burudani ya wanawake, kama ilivyozoeleka, tunashindwa kueleza kwa nini watu huuogopa.

5.0 Kigelegele cha dirishani na gari lililokwama

Katika mifano iliyotangulia msikilizaji hujibu kwa fedha au kwa mguno. Ipo mifano ambapo hujibu kwa sauti yake mwenyewe, tena bila kujuana na anayemjibu. Msafara wa arusi unapopita ukiimba, mwanamke aliye dirishani hupiga kigelegele bila kujua bibi arusi ni nani. Kigelegele hakina maneno, hakidai ufunguo wa sauti, na kinaweza kuingia mahali popote katika wimbo bila kuuharibu. Ni kama kiitikio kilichowekwa akiba kwa ajili ya wasioalikwa, na pengine ndiyo sababu kimedumu hata pale ambapo nyimbo zenyewe zimebadilishwa na bendi na muziki wa kanda.

Mfano wa gari lililokwama ni wa aina hiyohiyo. Masika, gari likizama matopeni, hujitokeza mtu mmoja ambaye mara nyingi si dereva wala abiria, naye huanza kutoa mwito. Wapita njia hushika popote panaposhikika, wakaitikia na kusukuma kwa pamoja. Mwito wa wabebaji mizigo wa pwani, harambee, ulikuwa wa namna hiyo kabla Jomo Kenyatta hajaufanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, na umbo lake ni la kazi: sauti moja hupanda, sauti nyingi hushuka pamoja na nguvu. Wimbo huu haungoji hadhira ikubali. Mwili wa mtu aliyekwisha shika gari huitikia kabla hajaamua kama anapenda kuimba. Gari likitoka, kila mmoja hujifuta tope na kwenda zake, na si kawaida kuulizana majina.

6.0 Uhuru Park, 2002

Tarehe 30 Desemba 2002 umati mkubwa ulikusanyika Uhuru Park, Nairobi, kushuhudia Mwai Kibaki akiapishwa kumrithi Daniel arap Moi, aliyekuwa ametawala kwa miaka 24. Sherehe ilikuwa imeandaliwa. Uimbaji wa umati haukuwa katika ratiba. Watu waliimba wimbo wa Kikristo unaojulikana sana Kenya, na pale wimbo ulipotaja imani wao waliweka kuondoka kwa Rais, ambaye alikuwa ameketi jukwaani mbele yao. Wimbo Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, uliotamba katika kampeni za mwaka huo, ulikuwa na mtunzi, studio na kauli mpya iliyozaliwa kwa kuchanganya Kijaluo na Kiingereza. Ule mwingine haukuwa na lolote kati ya hayo, na kwa suala letu ndio unaotufundisha zaidi.

Kwanza, nafasi ya kuitikia ilikuwa imekwisha kujengwa. Watu wa lugha na makabila mbalimbali walikuwa wameujifunza muziki ule makanisani, na mabadiliko yaliyotakiwa yalikuwa ya maneno mawili tu. Mtu aliyesimama karibu na asiyemjua hakuhitaji kufundishwa. Pili, hapakuwa na mwimbishaji wa kukamatwa. Hapa kuna undugu usiotarajiwa na mwanamke wa bombani: wote wawili huazima wimbo wa watu, wote wanaweza kusema kwamba wanaimba tu, na wote humwachia anayelengwa nafasi ileile ya kunyamaza.

Uzito wa jambo hilo hauonekani bila kukumbuka yaliyotangulia. Mwaka 1977 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilipigwa marufuku huko Kamĩrĩĩthũ, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi hicho kiliandaa mchezo ambao jina lake, Maitũ Njugĩra, maana yake ni "Mama, niimbie". Ulikuwa na nyimbo nyingi katika lugha kadhaa za Kenya. Ruhusa ya kuuonyesha katika Ukumbi wa Taifa haikutolewa, lakini maelfu ya watu walihudhuria mazoezi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuimba pamoja na waigizaji, mpaka mazoezi nayo yakazuiwa. Mwezi Machi mwaka huo jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Wanaosema kwamba serikali iliogopa maneno ya tamthilia hizo wana haki, lakini maneno kama hayo yalikuwa yakichapishwa katika riwaya kwa miaka mingi. Riwaya haiitikiwi. Kilichobomolewa ni mahali ambapo mtu aliyekuja kutazama aliweza kugeuka mwimbaji.

Baadhi ya waandishi wamelitukuza tukio la 2002 kana kwamba lilionyesha umoja uliokwisha kukamilika. Sikubaliani nao. Miaka mitano baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hiyohiyo, na nyimbo zilizotumika kuchochea chuki nazo zilikuwa na viitikio vizuri. Kiitikio huwakusanya watu kwa muda wa wimbo, kama mwito unavyowakusanya wasukuma gari. Hakiwaulizi wanakwenda wapi baada ya hapo.

7.0 Suala la ukusanyaji

Mtindo wetu wa kunukuu nyimbo huweka herufi K kwa kiongozi na W kwa wote. Kwa ngoma iliyoandaliwa mtindo huo unatosha. Kwa wimbo usiotarajiwa, hiyo W huficha karibu kila kitu tunachotaka kujua: nani aliitikia kwanza, alikuwa amesimama wapi, sauti ya pili ilichukua muda gani kuja, nani aliuacha wimbo ulipofika neno fulani, na nani hakufungua kinywa mwanzo hadi mwisho. Aliyenyamaza hana herufi, ingawa katika wimbo wa bombani yeye ndiye mhusika mkuu. Wanafunzi wa shahada za juu wanaokusanya nyimbo mijini wangefaa angalau kuchora mahali watu waliposimama na kuandika ukimya kwa uangalifu uleule wanaoandikia maneno.

Kinasa sauti, na siku hizi simu, huleta tatizo la pili ambalo si la kiufundi. Kikionekana, uimbaji huacha kuwa usiotarajiwa, maana mwimbaji amepata mtu aliyekuja kumsikiliza. Kikifichwa, mkusanyaji humnyang'anya mwenye kijembe kinga yake pekee, yaani uwezo wa kusema kwamba alikuwa akiimba tu. Na kanda hiyo ikimfikia asiyehusika, aliyeimba na aliyeimbiwa huumia pamoja. Kwa sababu hiyo mifano ya sehemu ya nne iliandikwa kwa kumbukumbu, bila majina na bila sauti. Haiwezi kuchezwa mbele ya semina. Anayetaka kuihakiki itambidi achukue ndoo na kupanga foleni.